Siku Nne Bilbao na San Sebastián: Vile Msee wa Nairobi Anaweza Kupanga Hii Safari Bila Kuchomeka

Ukitaja Bilbao kwa base yoyote Nairobi, mashabiki wa Man U watanyamaza kwanza. Tarehe 21 Mei 2025, uwanja wa San Mamés, fainali ya Europa League, Spurs wakawachapa moja bila. Goli la Brennan Johnson, tena goli lenyewe la kusukumana tu. Wengi wetu hapo ndipo tuliona huo mji vizuri kwa TV mara ya kwanza: milima ya kijani imeuzunguka, mto umekata katikati, na wasee wamejaa kwa vichochoro na glasi mkononi. Kama uliziangalia hizo picha ukajiuliza huku mtu hufikaje, basi kaa hapa kidogo.

Bilbao na San Sebastián ziko kaskazini mwa Uhispania, karibu na mpaka wa Ufaransa. Kutoka moja hadi nyingine ni kama kilomita 100. Zote mbili ziko nchi ya Wabaski, na hilo jina lishike vizuri juu litakusaidia kuliko luku yoyote utakayobeba. Wabaski wana serikali yao ya jimbo, wana bendera yao nyekundu, kijani na nyeupe, na wana lugha yao, Euskara, yenye haina ndugu duniani. Wataalamu wameichunguza miaka na miaka, hawajapata lugha nyingine ya ukoo wake. Sio Kihispania kilichopinda, sio Kifaransa. Ukiingia baa ukasema "kaixo", tamka "kaisho", maanake mambo, muuzaji atakuangalia tofauti. "Eskerrik asko" ni asante. "Ama" ni mama, na hiyo huwezi sahau.

Kwa hivyo ukifika usianze kupiga kelele "viva España" kwa baa. Hao watu walipitia makubwa. Wakati wa Franco lugha yao ilipigwa vita, halafu kukaja kundi la ETA lililoua watu zaidi ya 800 kwa miaka mingi likidai uhuru. ETA iliweka silaha chini 2011 na ikajivunja kabisa 2018. Leo ni salama, pengine kuliko mtaa wako, lakini siasa bado iko kwa kuta na kwa madirisha. Wewe kunywa, sikiliza, uliza kwa heshima.

Visa kwanza, Instagram baadaye

Hapa ndio kuna maneno, na hapa ndio wasee wengi hupoteza doh. Kama una pasipoti ya Kenya unahitaji visa ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Ukichukulia euro moja ni kama bob 150, hizo ni kama 13,500, na juu yake kuna ada ya kituo kinachopokea karatasi. Ukinyimwa, hiyo doh imeenda. Hairudi.

Sheria ya kwanza: unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, sio nchi ambayo ndege inatua kwanza. Ndege yako inaweza kupitia Amsterdam au Paris, lakini kama siku zako zote nne ziko Bilbao na San Sebastián, unaomba Uhispania. Kuna wasee huambiwa na maajenti "omba nchi fulani, huko ni rahisi", halafu wanaulizwa hoteli yao iko wapi na wanaanza kugugumiza.

Sheria ya pili ni wakati. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15. Kwa kawaida jibu linafaa kutoka ndani ya siku 15 lakini wanaweza kuvuta zaidi wakitaka karatasi zingine. Tena tarehe za kupeleka karatasi zenyewe huisha haraka miezi ya kuelekea Julai na Agosti. Mimi ningeanza miezi mitatu kabla.

Sasa karatasi. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Schengen. Bima ya safari ya angalau euro 30,000 kwa matibabu, na hii sio ya kubahatisha, lazima iseme inafanya kazi nchi zote za Schengen. Mpango wa ndege kwenda na kurudi. Mahali utalala. Barua ya kazi inayosema umepewa likizo, au kama uko kwa biashara yako, cheti cha usajili na karatasi za KRA. Na statement ya benki.

Hiyo statement ndio moyo wa mambo, na kuna hesabu watu hawaambiwi. Uhispania ina kipimo chake cha doh ambayo mgeni lazima aonyeshe: asilimia 10 ya mshahara wa chini wa mwezi wa kule, kwa kila siku utakayokaa. Halafu kuna kiwango ambacho huwezi kwenda chini yake hata ukikaa siku mbili tu: asilimia 90 ya huo mshahara. Mwaka 2025 mshahara wenyewe ulikuwa euro 1,184 kwa mwezi. Piga hesabu. Ni kama euro 118 kwa siku, lakini kima cha chini ni kama euro 1,065. Yaani kama bob 160,000. Ukikaa siku tatu ama tisa, ni hiyo hiyo.

Soma hapo tena juu ni muhimu. Hiyo sio doh ya kutumia, ni doh ya kuonyesha unayo. Ukijibana unaweza kumaliza siku nne na euro 320 hivi, lakini ukienda ubalozini na euro 320 kwa akaunti umejichoma mwenyewe. Na usidhani utakopa kwa mbogi, uweke laki moja na nusu Jumatatu, halafu uprinti statement Jumanne. Mtu anayesoma statement kila siku anaona hilo rundo limeanguka kutoka mbinguni. Wanataka kuona mtiririko: mshahara ama biashara ikiingia, rent ikitoka, kitu kikibaki. Kama hustle yako yote iko kwa M-Pesa, anza miezi sita kabla kupitisha doh kwa benki, ili karatasi iongee kama maisha yako.

Na hapa nitasema bila kupepesa macho: yule msee wa mtaani anayekuuzia statement bandia na barua ya kazi ya kampuni hujawahi ona, mkimbie. Ukishikwa, sio visa hii tu umepoteza. Maombi yako yanakaa kwa mfumo ambao nchi zote za Schengen zinaona, na utakuwa unajieleza kwa miaka. Ukikataliwa kihalali utapewa barua yenye sababu, na kwa Uhispania una mwezi mmoja wa kuomba waangalie upya. Hiyo ni afadhali mara mia.

Kitu kingine: usilipe tiketi isiyorudishwa kabla ya visa kutoka. Tafuta mpango wa ndege unaoweza kufutwa, na hoteli ya kufuta bure.

Na kama una cousin kule amekuambia utalala kwa keja yake, jua Uhispania ina barua yake maalum ya mwaliko ambayo mwenyeji anaomba kwa polisi wa huko, na inachukua muda. Barua ya kuandikwa kwa WhatsApp na "karibu sana ndugu" haitoshi.

Wale mko Ujerumani kwa Ausbildung ama au pair, nyinyi mko na bahati. Kibali chenu cha ukaazi pamoja na pasipoti kinawaruhusu kutembea nchi zingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, bila visa mpya. Kwenu Bilbao ni ndege ya kama masaa mawili kutoka Frankfurt. Chukueni wikendi ndefu mwende. Lakini visa ya Uingereza haihesabiki hapa. Uingereza haiko Schengen.

Uende lini

Watu hufikiri Uhispania ni jua na vumbi. Huku sahau. Huku kunanyesha. Wana mpaka jina la ile mvua nyembamba ambayo hujui kama inanyesha ama inapumua: xirimiri. Mkaazi wa Limuru atajisikia nyumbani. Beba jacket isiyopitisha maji hata kama ni Juni.

Agosti kuna sherehe kubwa miji yote miwili, Semana Grande kule San Sebastián na Aste Nagusia kule Bilbao, siku tisa za muziki, fataki na kutolala. Ni noma, lakini bei ya vitanda inapaa, hasa San Sebastián, ambapo hata hosteli inaweza kukutoza kama hoteli. Septemba pia San Sebastián kuna tamasha la filamu ambalo limekuwepo tangu 1953, nyota wa Hollywood wanakuja, na wewe unakosa pa kulala. Kwangu mimi ni Mei, mwanzo wa Juni, ama Oktoba. Maji ya bahari Oktoba ni baridi, lakini si ulikuwa Diani Krismasi.

Kuna stori ya Januari pia. Mji mdogo wa Elgoibar, katikati ya Bilbao na San Sebastián, una mbio za nyika zinaitwa Juan Muguerza, na Wakenya wameshinda huko mara kadhaa. Ukisema umetoka Kenya wazee wa huko watakuangalia miguu kwanza.

Kufika na kuzunguka

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Unapitia Istanbul, Amsterdam, Paris ama Frankfurt, halafu Bilbao. Ukipitia mji wa Schengen, foleni ya uhamiaji unaipigia huko huko, sio Bilbao, kwa hivyo usikubali tiketi yenye inakupa dakika 55 za kubadilisha ndege. Tangu Oktoba 2025 kuna mfumo mpya unaitwa EES, unapigwa picha na siku zako zinahesabiwa na kompyuta badala ya stempu. Ukizidisha siku moja, itajulikana.

Uwanja wa ndege wa Bilbao ni mweupe na umechongwa kama ndege inayotaka kuruka. Toka nje, tafuta basi nambari A3247, inakuingiza mjini kwa kama dakika 25. Taxi ya nini? Mjini nunua kadi ya Barik, euro tatu tu, uijaze doh. Inafanya kazi metro, tramu, mabasi ya mkoa na treni ndogo za Euskotren, na nauli inashuka sana kuliko ukinunua tiketi moja moja. Kwa metro unagusa ukiingia na unagusa ukitoka, na usitupe kadi juu geti halitafunguka. Milango ya metro ni ya vioo vilivyopinda kama mgongo wa kamba wa baharini, ilichorwa na Norman Foster, ikafunguliwa 1995, na wenyeji wanaiita "fosteritos".

Kwenda San Sebastián chukua basi kutoka kituo kikuu cha Bilbao. Ni saa moja na dakika ishirini hivi, nauli huwa chini ya euro 15. Kuna treni pia lakini inazunguka milima na vijiji karibu masaa mawili na nusu. Ni poa kama huna haraka na unapenda dirisha. Kama una siku nne, una haraka.

Bilbao: mji uliofufuka

Ningelala Bilbao usiku mbili, San Sebastián usiku mmoja ama mbili. Bilbao ni nafuu zaidi, na ukweli ni kwamba ndio mji wenye stori.

Miaka ya themanini Bilbao ilikuwa imechoka vibaya. Ilikuwa imeishi kwa chuma na meli, halafu viwanda vikafa. Agosti 1983 mafuriko yakazika mji wa kale. Karakana kubwa ya meli ya Euskalduna ikafungwa 1988, vijana wakabaki bila job, mto ukiwa mchafu na unanuka. Nairobi River unaijua, fikiria hivyo. Halafu hawa watu wakafanya kitu kila mtu aliona ni wazimu: wakatumia pesa ya umma kujenga makumbusho ya sanaa. Guggenheim ilifunguliwa Oktoba 1997, kazi ya Frank Gehry, mabati ya titani yamekunjwa kama samaki mkubwa aliyetupwa kando ya mto. Watalii wakaja kama nzige. Leo miji dunia nzima inataka kuiga, na wengi wanaanguka juu wanajenga jumba na kusahau mengine. Bilbao haikujenga makumbusho tu. Walisafisha mto, wakachimba metro, wakahamisha bandari, wakaweka tramu. Ile nyumba ya titani ndio picha. Mabomba ya maji taka ndio kazi.

Nje ya Guggenheim utaona mbwa mkubwa wa maua, kazi ya Jeff Koons, na buibui mrefu wa Louise Bourgeois. Hizo mbili ni bure, ziko barabarani. Ndani, kama utalipa, nenda moja kwa moja kwa zile kuta za chuma za Richard Serra. Unatembea katikati yake unahisi kizunguzungu. Angalia siku pia, Jumatatu nyingi za mwaka wamefunga.

Mji wa kale, Casco Viejo, uko upande wa pili wa mto. Vichochoro saba vya zamani, soko la La Ribera kando ya maji, na Plaza Nueva iliyozungukwa na baa. Ukivuka daraja kutoka soko utaingia San Francisco, mtaa wa wahamiaji, Wamoroko, Wasenegali, Wanigeria. Huko ndio utapata nyama ya halali na chakula cha watu wetu. Usiku ni mtaa wa kuwa rada kidogo, kama River Road tu, sio wa kuogopa.

Sasa kitu kimoja ambacho watalii wengi hupita, na wewe usipite: daraja la Bizkaia, unafika kwa metro ya kuelekea bahari, kati ya Getxo na Portugalete. Ni la mwaka 1893, la kwanza la aina yake duniani, na UNESCO imeliweka kwa orodha yake tangu 2006. Halivukwi kwa kutembea juu ya barabara. Kuna kibanda kimening'inia kwa kamba za chuma, magari na watu wanaingia, kinavushwa hadi ng'ambo kwa dakika moja na nusu hivi, kinarudi. Sababu ni ile ile ya Likoni: meli ndefu lazima zipite, na watu lazima wavuke. Wao walitatua hivyo miaka zaidi ya 130 iliyopita. Nauli ya miguu ni chini ya euro moja. Ukiwa Mpwani utasimama hapo ucheke halafu ukasirike.

San Mamés na familia ya Williams

Athletic Bilbao wana sheria yao ya ajabu: wanachezesha tu wachezaji waliozaliwa ama kulelewa kisoka nchi ya Wabaski. Hawanunui Mbrazil, hawanunui Mfaransa wa Paris. Na bado, pamoja na Real Madrid na Barcelona, ndio pekee hawajawahi kushuka La Liga. Aprili 2024 walishinda Copa del Rey baada ya miaka 40, na mji ukamiminika mtoni kuangalia timu ikipita juu ya mashua.

Halafu angalia nyota wao ni akina nani. Iñaki na Nico Williams. Wazazi wao walitoka Ghana, wakavuka Sahara, sehemu kwa miguu, mama akiwa na mimba ya Iñaki, wakaruka ua wa Melilla, wakashikwa. Kasisi mmoja wa Bilbao anaitwa Iñaki akawapokea na kuwasaidia, na mtoto akapewa jina lake. Huyo mtoto baadaye alicheza mechi 251 mfululizo za ligi bila kukosa hata moja. Yeye anachezea Ghana, mdogo wake anachezea Uhispania na alifunga kwenye fainali ya Euro 2024. Kwa mji wenye watu 345,000 hivi, wenye kiburi cha damu na lugha, jezi inayouzwa sana ina jina Williams mgongoni. Hiyo nikikuambia ni somo tutakosana, wewe iangalie tu kwa duka la uwanja.

Tiketi za mechi ni ngumu juu wanachama wamejaza viti, lakini mechi za katikati ya msimu dhidi ya timu ndogo hupatikana kwa tovuti ya klabu. Ukikosa, kuna ziara ya uwanja na makumbusho yao. Uwanja unabeba zaidi ya 53,000.

Kudishi

Pintxo, tamka "pincho", ni kipande cha mkate ama kitu kidogo chenye vitu juu yake, samaki, yai, uyoga, jibini. Zimepangwa kwa kaunta, unaonyesha kwa kidole. Kwa kawaida ni euro mbili hadi nne. Njia ya wenyeji ni hii: ingia baa, chukua moja ama mbili na glasi ndogo, kula ukisimama, lipa, toka, ingia baa inayofuata. Mtalii ndio hujaza sahani kwa baa moja akae chini. Ukiuliza cha moto kutoka jikoni utapata kitu bora zaidi ya kile kimekaa kaunta tangu saa tano.

Anza na gilda, kijiti chenye zeituni, samaki mdogo wa chumvi na pilipili ya kijani. Ilianzia San Sebastián na jina lake limetoka kwa filamu ya Rita Hayworth ya 1946. Bia ndogo inaitwa zurito, itakuokoa bajeti. Kuna divai ya txakoli inayomwagwa kutoka juu kama mzee wa chai ya Lamu, na kuna kalimotxo, divai nyekundu na Coke nusu kwa nusu. Najua inasikika kama kitu cha funkie. Vijana wao wanakunywa hiyo.

Ndugu zangu Waislamu, chungeni: nguruwe yuko kila mahali, mpaka ndani ya vitu vinavyoonekana ni mayai tu. Sema "sin cerdo", bila nguruwe, na uliza tena. Samaki ndio kimbilio.

Mchana wa siku za kazi tafuta ubao umeandikwa "menú del día". Sahani mbili, kitinda mlo na kinywaji, mara nyingi kati ya euro 15 na 20. Kula hapo vizuri, usiku piga pintxo mbili. Na usijaribu kula saa kumi na mbili jioni, jiko limefungwa. Wao hula chajio saa tatu usiku. Alhamisi kuna pintxo-pote kwa mitaa fulani, kwa mfano Gros kule San Sebastián: kinywaji na pintxo kwa bei ya kutupa. Panga safari yako iguse Alhamisi.

San Sebastián kwa siku moja na nusu

Wenyeji wanaiita Donostia, na ishara za basi zinaweza kusema hivyo tu, usipotee. Ni mji mrembo, hakuna mjadala. Ghuba ya La Concha imejikunja kama ganda la kombe, kilima upande huu, kilima upande ule. Tembea ufuo wote hadi mwisho wa magharibi ukaone chuma za Eduardo Chillida zimetoboa mwamba, mawimbi yanapiga na hewa inatoka kwa mashimo ya sakafu. Bure. Halafu panda kilima cha Igueldo kwa kile kitreni cha mwaka 1912. Wanaopenda mawimbi waende Zurriola, upande wa Gros.

Keki ile ya jibini imeungua juu, yenye umeiona IG mara elfu, ilitoka hapa, baa ya La Viña, mtaa wa 31 de Agosto. Foleni ipo. Mikahawa ya nyota za Michelin pia imejaa huu mji, Arzak na wenzake, lakini kwa bei zao utauza nduthi.

Kama umebaki na siku moja nzima, usiimalize hapa kwa mchanga. Rudi Bilbao uchukue treni ya Gernika, chini ya saa moja. Tarehe 26 Aprili 1937, siku ya soko, ndege za Wajerumani na Waitalia waliokuwa wanamsaidia Franco ziliubomoa huo mji. Picasso akachora ile picha yake kubwa, ambayo iko Madrid, lakini mji wenyewe una makumbusho ya amani na mti wa mwaloni ambapo Wabaski walikuwa wanafanya mabaraza yao. Wengine wataenda Gaztelugatxe, ile kanisa juu ya mwamba baharini yenye ngazi 241, juu ya Game of Thrones. Ni picha kali, na msimu wa watu wengi lazima uhifadhi nafasi mapema, bure, kwa mtandao. Lakini mimi ningeenda Gernika.

Na kuna wale watashawishika kuruka Ufaransa kidogo, juu treni ndogo inaitwa Topo inatoka Donostia hadi Hendaye kwa kama dakika 40. Visa yako inaruhusu, ni Schengen. Lakini beba pasipoti yenyewe, sio picha kwa simu. Polisi wa Ufaransa wamekuwa wakikagua huo mpaka tangu 2015, na ukweli usiopambwa ni kwamba mtu mweusi ndio huulizwa kwanza. Ukiwa na karatasi utaonyesha na uende zako. Wapo wasio nazo. Mto hapo kati unaitwa Bidasoa, mwembamba, unaonekana mpole, na mwaka 2021 vijana Waafrika walikufa maji wakijaribu kuuvuka kwa sababu daraja lilikuwa na polisi. Katika mto huo huo kuna kisiwa kidogo, cha Faisanes, ambacho Uhispania na Ufaransa hubadilishana kila miezi sita, kwa amani kabisa, bila mtu kuulizwa pasipoti. Utakiona kutoka upande wa Irun, kimefunikwa na miti, na hauruhusiwi kuingia.